Shimo Lisilojaa

Mzee alinivutia kiti chini ya mwembe, akaagiza niletewe maji ya kunywa, kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea mfuniko wa zege uliolala karibu na ukuta wa uzio. "Hilo unaloliona, mwanangu, nililichimba mwaka niliohamia hapa Tabata. Miaka 19 sasa. Halijawahi kujaa hata siku moja."

Nilikuwa nimekwenda kwa jirani yake kwa kazi nyingine kabisa, na huyu mzee aliniita kwa ukarimu tu, aliposikia kuwa mimi ni fundi wa maji. Maji niliyoletewa yalikuwa ya baridi na matamu. Yalitoka kwenye kisima cha uani, kile cha ndoo na kamba, kilichojengewa vizuri kwa tofali. Kwa mazoea ya kazi nikahesabu hatua kutoka kwenye ule mfuniko hadi kisimani. Zilikuwa 14. Nikaiweka bilauri chini.

"Vipi, yana chumvi?"

"Hayana, mzee. Matamu sana."

Sikujua nianzie wapi. Mtu amekukaribisha kwake, amekupa maji, anajivunia jambo ambalo mtaa mzima unamsifia, nawe unatakiwa umwambie kwamba jambo hilo hilo ndilo la kutia hofu. Maana kila siku kilo kadhaa za uchafu na mamia ya lita za maji viliingia kwenye shimo lile, kwa miaka 19, na halikujaa. Vilikwenda wapi?

Swali hilo ndilo sura hii.

Tuanze na neno lenyewe, kujaa, kwa sababu limewapoteza wengi. Septiki iliyojengwa sawasawa hujaa maji ndani ya siku chache tangu nyumba ianze kutumika, na hubaki imejaa siku zote za uhai wake. Ukifunua mfuniko ukakuta maji yamefika usawa wa bomba la kutokea, usishtuke wala usipige simu kuita gari. Ndivyo inavyofanya kazi. Maji yakiingia lita 10 kutoka chooni, lita 10 nyingine husukumwa kutoka upande wa pili. Ukilikuta tangi limekauka au maji yako chini sana ya bomba la kutokea, na hukulinyonya juzi, ujue lina ufa. Kinachopaswa kukushughulisha ni tope linalojikusanya chini.

Ndani ya tangi vitu hujipanga kwa uzito. Vizito huzama na kuwa tope jeusi. Mafuta, sabuni na vyepesi vingine huelea na kuwa utando mzito juu. Katikati hubaki maji yenye rangi ya kijivu, na hayo tu ndiyo yanayotakiwa kutoka. Ndiyo maana bomba la kuingilia na la kutokea huwekewa kiungio cha umbo la T, mguu wake mmoja ukizama chini ya utando: la kuingilia lipeleke maji chini kwa utulivu bila kuchafua yaliyokwisha kutulia, la kutokea lichote yale ya katikati tu. Nimefunua matangi mengi ambayo fundi aliona hiyo T ni gharama ya bure akaweka bomba lililonyooka. Utando hutoka moja kwa moja na kwenda kuziba shimo la pili, lile la kunyonya maji, na mwenye nyumba hulaumu udongo.

Huku nyuma, vijidudu visivyohitaji hewa vinakula lile tope. Hakuna aliyeviweka, tunakuja navyo wenyewe kutoka matumboni mwetu. Mfaransa Jean-Louis Mouras alijenga tangi la namna hii miaka ya 1860 katika mji wa Vesoul, akitaka tu mahali pa kukusanyia uchafu wa nyumba. Lilipokuja kufunuliwa miaka kadhaa baadaye, tope lililokutwa lilikuwa dogo mno kuliko ilivyotarajiwa. Alilisajili kuwa uvumbuzi wake mwaka 1881. Huko Exeter, Uingereza, Donald Cameron akaendeleza wazo hilo mwaka 1895, na yeye ndiye aliyelipa jina tunalolitumia hadi leo, septiki, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuozesha. Jina linasema kweli tupu: tangi hili linaozesha. Halisafishi.

Hapo naomba msomaji asimame kidogo, kwani wenye nyumba wengi, na mafundi wengi pia, hudhani kwamba maji yakishapita kwenye septiki yamekuwa salama. Sivyo. Vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo, mayai ya minyoo, vingi vyao hutoka na yale maji ya kijivu vikiwa hai. Septiki imefanya nusu ya kazi, ile nusu ya kuondoa vitu vigumu. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayolinda maisha ya watu, hufanywa na ardhi.

Maji yakitoka kwenye tangi huenda kwenye shimo la kunyonya, lile la duara lenye kuta za tofali zilizoachiwa nafasi, au kwenye mitaro yenye kokoto na mabomba yaliyotobolewa. Huko yanapenya polepole kwenye udongo. Pale maji yanapokutana na udongo huota utando mwembamba wa vijidudu ambao huchuja na kula kilichobaki. Chini ya hapo, udongo wenye hewa kati ya chembe zake huendelea kuvinasa vimelea hadi vife. Lakini kazi hiyo inataka udongo mkavu wa kutosha kati ya chini ya shimo na maji ya ardhini, angalau mita moja na nusu, na mbili ni bora zaidi. Ukichimba shimo lako hadi ukayakuta maji, hukuchimba shimo la kunyonya. Umechimba mrija wa kupelekea kinyesi kisimani.

Katika mashimo niliyoyaona Dar es Salaam, mengi hayana hata ile nusu ya kwanza. Mtu anakuambia ana septiki, ukifunua unakuta karo moja lenye kuta za tofali na chini pametupu, udongo mtupu. Choo kinaingia humo humo, bafu humo humo, na tope linazama hadi linapofika. Kwenye mchanga karo kama hilo laweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote juu ya ardhi, na ndipo sifa ya shimo lisilojaa inapozaliwa. Siku hizi sifa hiyo imekuwa biashara. Nenda barabara yoyote ya mtaani, utaona bango limepigiliwa kwenye nguzo: karo la kisasa, halijai, na namba ya simu. Wengi humaanisha baiodaijesta, tangi la kuozeshea uchafu, nayo ikijengwa na mtu anayeijua kazi ni kitu kizuri, nimeziona zinazofanya kazi kwa heshima. Lakini nayo hutoa maji, na maji hayo bado yanahitaji ardhi ya kuyasafisha. Anayekuahidi kwamba haitajaa, muulize maji yanaishia wapi, na yako umbali gani kutoka kwenye maji ya ardhini wakati wa masika. Jibu lake litakuonyesha kama ni fundi au ni muuzaji.

Umbali wa kisima una historia yake. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 500 ndani ya siku 10 katika mitaa michache ya Soho, London. Daktari John Snow alionyesha kwamba chanzo ni pampu ya maji ya Broad Street. Mwaka uliofuata, padri wa eneo hilo, Henry Whitehead, aliyekuwa akichunguza nyumba kwa nyumba, aligundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba ya jirani na pampu aliugua kwanza, na maji yaliyofulia nepi zake yalimwagwa kwenye karo la nyumba hiyo. Walipofukua wakakuta kuta za karo zimeoza, na kutoka hapo hadi kwenye kisima ni chini ya mita moja. 

Kwa udongo wa kawaida, vipimo ambavyo wahandisi huvitaja ni mita 15 kutoka kisimani hadi kwenye tangi lenyewe, na mita 30 hadi kwenye shimo la kunyonya. Kwenye viwanja vya mita 20 kwa 20, vya kwetu wengi, mita 30 hazipatikani ndani ya uzio. Hata ukizipata wewe, jirani yako naye ana karo lake nyuma ya ukuta wako. Kwa hiyo kipimo cha kweli hupimwa kwa mtaa. Na kwa Unguja, Mombasa na sehemu kubwa ya mwambao iliyokaa juu ya mawe ya matumbawe, hata mita 30 hazitoshi kukupa usingizi, kwa sababu pale maji hayachujwi na chembe za udongo. Hupita kwenye nyufa za jiwe kama yanavyopita kwenye bomba, na uchafu wa leo waweza kufika mbali kabla vimelea havijafa. Kwenye jiwe, maji ya kisima ni ya kufulia na kudekia. Ya kunywa yachemshwe au yatoke kwingine.

Nilimweleza mzee yote haya pale chini ya mwembe, kwa maneno machache kuliko haya. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mke wangu alikuwa akilalamika tumbo kila masika. Tukasema ni maembe." Sikuweza kumwambia kuwa ni kisima. Sikupima maji, na tumbo lina sababu nyingi. Nilimwambia tu kwamba masika ndipo maji ya ardhini hupanda na kukutana na chini ya shimo.

Alitaka kujua tangi la kweli lina ukubwa gani. Nikamchorea mchangani. Nyumba ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, ni lita 600. Tangi lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1, na kina cha maji cha mita 1.25, linabeba lita 3,000, kwa hiyo maji yanapata siku 5 za kutulia tangi likiwa jipya, na bado siku 3 na zaidi tope likishachukua theluthi. Ndani unajenga ukuta wa kuligawa: chumba cha kwanza mita 1.6, cha pili mita 0.8, na tundu la kupitisha maji liwe katikati ya kina, si juu kwenye utando wala chini kwenye tope. Sakafu ya zege. Kuta zipigwe plasta na niru ndani, kisha lijazwe maji safi na kuachwa siku nzima kabla ya kufukiwa, ili uone kama yanashuka. Hilo jaribio la mwisho halina gharama, na ni nadra kumkuta fundi anayelifanya bila kuambiwa. Mwambie. Simama hapo.

Mifuniko iwe miwili, mmoja juu ya kila T, na ifikike. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba nzuri ambako tangi lilikuwa chini ya vigae vya baraza, hakuna aliyejua hasa ni wapi, na aliyejenga alikwisha kuhama mji. Tulivunja vigae mahali 3 kabla ya kulipata. Chora ramani ya nyumba yako, weka vipimo kutoka kwenye kona za nyumba, uiweke pamoja na hati ya kiwanja.

Kisha yaje matunzo, ambayo si kazi kubwa ila yanataka kumbukumbu. Mtu mmoja hukusanya tope la lita 40 hivi kwa mwaka. Watu 6 ni lita 240. Tangi la lita 3,000 hufikia theluthi ya tope baada ya miaka 4, na hapo ndipo pa kulinyonya. Hesabu yaweza kukudanganya kwa sababu nyumba zetu hupokea wageni, watoto wa ndugu wanaokuja kusoma, na misiba ya siku tatu yenye watu mia. Kwa hiyo pima. Chukua mti mrefu ulionyooka, fungia kitambaa cheupe cha taulo kwenye ncha yake hadi usawa wa mita moja, uushushe taratibu kupitia kwenye mfuniko wa chumba cha kwanza hadi ugote sakafu. Subiri dakika chache. Upandishe polepole. Pale weusi mzito ulipoishia kwenye kitambaa ndipo tope lilipofika. Fanya hivyo mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Kitambaa kifukie, mti uuoshe kwa maji yenye klorini na uutenge kwa kazi hiyo tu, nawe unawe kwa sabuni.

Unapofunua, simama upande upepo unakotoka, usiwashe sigara, na mtoto asiwe karibu. Na usiingie. Nasema hili kwa msisitizo wote nilio nao: usiingie kwenye tangi wala kwenye karo, hata kama limenyonywa, hata kama simu yako imedondokea humo, hata kama fundi anakuambia amezoea. Ndani hukaa gesi zinazozaliwa na kuoza. Mojawapo ni ile yenye harufu ya yai bovu, nayo ikizidi huua uwezo wa pua kuisikia, ukadhani imekwisha. Mtu huanguka bila kupiga kelele. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Ndivyo ndugu wawili na watatu wanavyozikwa siku moja kwa shimo moja.

Kuhusu dawa za kutia: hamira, mzoga wa kuku, chumvi, pakiti za unga zinazouzwa kwa ahadi kubwa, hakuna kati ya hivyo ambacho tangi lako linakihitaji. Vijidudu vimo tayari, kila siku unaleta vipya. Unachoweza kufanya ni kuacha kuviua. Kikombe cha klorini cha kuoshea choo hakidhuru tangi kubwa, lakini galoni zima la tindikali la kung'arishia vigae litaangamiza kazi ya wiki nyingi. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki, yaache yapoe, yafutwe kwa karatasi, yatupwe na taka. Nyumba anamopikia mama lishe au yenye shughuli za mara kwa mara ijengewe chemba ndogo ya kunasia mafuta kabla ya tangi. Pedi, nepi na vitambaa vile vya kufutia vinavyodaiwa kuyeyuka haviozi humo, hujikusanya kwenye T na kuziba. Weka ndoo yenye mfuniko chooni, ili mgeni asitafute pa kutupa. Na maji ya mvua kutoka bati yasielekezwe huko hata kidogo. Nusu saa ya mvua kubwa juu ya paa hubeba maji mengi kuliko tangi lenyewe, yatachota tope lote na kulipeleka kwenye shimo la kunyonya. Shimo la kunyonya likishaziba kwa tope halina tiba ya maana, unachimba jingine.

Mvua ina mkasa mwingine ambao kila mkazi wa mabondeni Dar es Salaam anaujua. Watu wana jina lake: kutapisha. Masika yakikolea, mtu anatoboa upande wa karo lake, au anafungua kizibo alichokiandaa mapema, na uchafu wote unaondoka na mafuriko kwenda kwa walio chini yake. Naelewa umaskini unaomfikisha mtu hapo. Gari haliwezi kuingia kwenye kichochoro, na bei yake ni chakula cha wiki. Wale vijana wanaoingia mashimoni kwa miguu yao, wanaoitwa vyura, hufanya kazi ya kutisha kwa malipo madogo, usiku, bila glavu, na tope huishia kwenye shimo jingine lililochimbwa uani hapo hapo. Pampu za mkono zimewahi kuletwa kwa ajili ya vichochoro kama hivyo, na zinasaidia pale zinapopatikana. Lakini wewe mwenye uwezo wa kujenga nyumba ya vyumba vinne usitapishe. Kipindupindu kilichoanzia Kinondoni Agosti 2015 na kusambaa hadi mikoa mingi hakikuuliza nani ana geti.

Gari likija kwako, liulize linakokwenda kumwaga. Dar es Salaam yapo mabwawa ya kutibu majitaka, na magari mengi huelekea Vingunguti, jirani na mto Msimbazi. Dereva anayemwaga mahali halali hupewa stakabadhi, nawe una haki ya kuiona. Anayekupunguzia bei nusu huenda anamwaga kwenye mtaro wa njiani. Mwambie anyonye vyumba vyote viwili, na aanze na tope. Kuna wanaonyonya maji ya juu tu, gari likajaa, wakaondoka na pesa, nawe umebaki na tope lile lile. Abakishe tope kidogo chini, ndoo kadhaa, liwe mbegu ya vijidudu vipya. Kama tangi lako ni la plastiki na kiwanja chako kina maji ya juu, usilinyonye katikati ya masika, kwani tangi tupu huelea na kung'oka ardhini na mabomba yake.

Mzee wa Tabata alijenga tangi lake mwaka uliofuata, upande wa barabarani, mbali na kisima kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Karo la zamani alilinyonya, akalifukia kwa kifusi. Maji ya kunywa sasa anayapata bombani na kuyachemsha, kisima kimebaki cha kumwagilia mchicha. Alinipigia simu siku ya tano baada ya kuhamia kwenye tangi jipya, sauti yake ina wasiwasi. "Fundi, nimefunua. Limejaa."

Nikamwuliza maji yameishia wapi. Akasema pale pale kwenye mdomo wa bomba la kutokea, na anayasikia yakidondoka upande wa pili. Nikamwambia achukue msumari, aandike tarehe ile kwenye ubao wa mlango wa stoo, na chini yake aandike mwaka wa kuleta gari.

Nilipopita mwezi uliopita ilikuwa bado inasomeka, na chini yake kulikuwa na alama tatu za mti, moja kwa kila mwaka, zikipanda kidogo kidogo.